Kati ya sitaha na mlingoti: shajara ya gemu yetu ya mitepe

6 Juni

Leo tumeanza. Mimi naandika programu, mdogo wangu anachora, na chumba cha uani hapa kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, ndiyo ofisi. Gemu yenyewe ni ya mikakati, ya kucheza kwa zamu kwenye simu. Mchezaji ni mfanyabiashara wa pwani katika karne ya 15, kabla Mreno hajafika. Ana mitepe mitatu, vile vyombo vya tanga vya zamani vilivyoshonwa kwa kamba, mtaji mdogo, na kalenda ya pepo mbili: kaskazi, inayovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi na kuwaleta wageni wa Arabuni na Bara Hindi, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili na kuwarudisha kwao.

Kiini cha gemu ni Kilwa. Chombo kilichotoka Aden au Hormuz kiliweza kufika Kilwa na kugeuza ndani ya mwaka mmoja. Kikiteremka zaidi hadi Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, kufuata dhahabu, msimu ulikikatikia njiani. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ilipandishwa hadi Kilwa na vyombo vya pwani, ikawasubiri pale wageni wasioweza kushuka zaidi, na Kilwa ikatajirika kwa kukaa mahali ambapo kalenda inaishia. Nataka mchezaji aligundue jambo hilo mwenyewe, kwa kuhesabu siku zake.

Tumekubaliana gemu iwe ya pande tatu. Nataka kijana wa leo aione ile bahari: mawimbi, tanga la mkeka lililojaa upepo, nyumba za mawe zikitokeza kwa mbali. Gemu zinazopendwa hapa mtaani ni za mpira na za kupigana, karibu zote za 3D, na nina hofu kwamba tukija na ramani bapa watu wataifuta kabla ya kuijaribu.

Injini, yaani programu ya kuundia gemu, ni Godot. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inanitolea faili ya Android kwenye kompyuta hii ya zamani bila kugoma. Modeli, yaani maumbo ya pande tatu, tunatengenezea kwenye programu ya Blender.

19 Juni

Mtepe umekamilika, na ni kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Mdogo wangu hakutaka kuchora jahazi la siku hizi na kuliita mtepe. Amekusanya kila picha ya zamani aliyoweza kuipata, akachora omo, yaani kichwa cha chombo, iliyonyooka mbele kama shingo ya ngamia, macho mawili yaliyopakwa rangi, tanga la mraba la mkeka, na zaidi ya yote mishono. Mtepe hauna msumari wa chuma. Mbao zake zinashonwa kwa kamba za makumbi, tundu kwa tundu, na yeye ameishona modeli yake vivyo hivyo, ubao hadi ubao, mstari hadi mstari.

Modeli hujengwa kwa pembetatu ndogondogo, na zikizidi simu inalemewa; ya kwanza ilikuwa nazo 14,000. Nimemwomba aipunguze, ameishusha hadi 2,300 na mishono ameihamishia kwenye picha inayovikwa juu ya mbao. Bado inaonekana. Usiku tumekaa tunauzungusha kwenye skrini ya kompyuta bila kusema neno.

27 Juni

Kwenye simu ya majaribio, yenye kumbukumbu ya GB 2, fremu, yaani picha zinazochorwa, ni 11 kwa sekunde na mgongo wa simu hauguswi kwa joto. Mawimbi ndiyo yanayokula nguvu zote. Nimehamia kwenye njia nyepesi ya uchoraji ya Godot, ile iliyowekewa simu za zamani, na nimeondoa vivuli. Sasa ni 28. Inatosha kwa gemu ya zamu.

6 Julai

Nimepeleka simu maskani, pale vijana wa mtaa wanapokaa. Walikuwepo sita, wote wachezaji wa kila siku wa gemu za simu, na hakuna hata mmoja niliyemweleza chochote kabla.

Dakika za mwanzo zilikuwa tamu. Waliisogeza kamera hadi kwenye maji, wakauzunguka mtepe, wakaitana kuangalia macho ya omo. Halafu ikaja kazi yenyewe. Niliwaambia: upepo wa kaskazi umebakiza siku 20, una mitepe mitatu, chagua mmoja uupeleke Sofala.

Wa kwanza alikuwa ameizungusha kamera hadi kusini ikawa juu ya skrini, akautuma mtepe wake kuelekea Malindi huku akiamini anaenda Sofala. Wa pili hakuweza kuibonyeza Pate, kwa sababu kwa mlalo ule wa kamera Pate na Lamu zimegandana zikawa doa moja. Wa tatu aliniuliza Hormuz ni umbali gani. Nikamwambia angalia ramani. Akaangalia, akasema ni mbali. Lakini "mbali" kwa siku ngapi hakuweza kukisia, kwa sababu kwenye kamera yenye kina, inchi moja ya skrini karibu na wewe ni maili chache na inchi ileile juu ya skrini ni bahari nzima.

Swali lililoniumiza zaidi nililiuliza mwenyewe. "Katika mitepe yako mitatu, upi umejaa shehena?" Wanne kati ya sita hawakujua. Walilazimika kugonga mtepe mmoja mmoja na kusoma. Modeli ilikuwa ileile nzuri, tupu na iliyojaa, na uzuri wake haukuwaambia kitu.

Mmoja wao alinirudishia simu kwa adabu akasema, "Kaka, bahari umeipatia kweli. Sasa mimi nifanye nini hapa?"

9 Julai

Siku tatu sijaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Nimerudi kwenye gemu za mikakati nilizokua nazo na nyingine nilizokuwa nazisikia tu, naziangalia kwa jicho la mtu anayetafuta dawa.

Naanza na Age of Empires II, ya mwaka 1999. Ni picha bapa zilizopangwa kwa mlalo, na mwaka 2019 ilipotengenezwa upya kwa ajili ya kompyuta za leo waliikuza michoro lakini hawakuiacha njia ile: askari bado ni picha bapa, kamera bado haizunguki. Na bado ina vilima. Anayepiga akiwa juu anaongeza madhara kwa asilimia 25, anayepiga akiwa chini anapunguziwa kwa kiasi hichohicho. StarCraft ya 1998, nayo picha bapa, inamfanya anayefyatua kutoka bondeni akose karibu nusu ya risasi zake. Kwa hiyo urefu wa ardhi uliingia kwenye hesabu ya mchezo bila kuhitaji modeli ya pande tatu. Hilo nililijua kwa vidole tangu utotoni ila sikuwahi kulitamka.

Upande wa pili kuna Homeworld, 1999. Hapo meli zinapigana angani, ambako hakuna chini wala juu, na unaweza kumjia adui kwa tumboni. Ukiondoa pande tatu, gemu inakufa. Lakini tazama walivyolipa gharama yake: ili kuipeleka meli mahali, unachorewa kwanza duara bapa, unachagua sehemu kwenye duara, kisha unavuta mstari wa kwenda juu au kushuka. Yaani hata pale ambapo pande tatu ni za lazima, mchezaji alihitaji kupewa sakafu ya kukanyaga ili ajue yuko wapi.

Kilichonikalisha chini ni Supreme Commander ya 2007. Ni ya pande tatu kabisa, na ukiivuta kamera nyuma unaenda juu na juu hadi uwanja wote wa vita unaingia kwenye skrini. Ukifika huko, majeshi yote yanageuka alama bapa, kama pini kwenye ramani ya ukutani. Civilization V ya 2010 nayo ina kitufe cha kuifuta mandhari yote nzuri na kukuachia ramani ya vigae na alama. Watu waliotumia fedha nyingi kuchora milima waliona haja ya kumpa mchezaji njia ya kuikwepa milima hiyo anapotaka kufikiri.

Halafu Shogun: Total War, mwaka 2000, ya Waingereza. Huko mikoa ya Japani unaipanga kwenye ramani bapa na majeshi yako ni vinyago vya kusogeza. Vita vikianza unashushwa uwanjani, na uwanja una vilima vya kweli vya pande tatu, vinavyomchosha anayepanda na kumficha anayevizia. Lakini askari wenyewe ni picha bapa! Kompyuta za wakati ule zisingeweza kubeba maelfu ya modeli, ikabidi wachague kitu kimoja cha kukipa pande tatu, wakachagua ardhi, kwa sababu ardhi ndiyo iliyokuwa ikiamua vita.

Sisi tulichagua mtepe. Tumekipa pande tatu kitu ambacho mchezaji hana uamuzi wowote wa kukifanyia. Sofala iko mbali kwa siku, siku ziko kwenye kalenda, na kalenda ni bapa.

Nimemsomea mdogo wangu maneno haya. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka, mtepe wangu unakuwa nukta?"

Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

12 Julai

Ramani bapa imekamilika kwa siku tatu tu. Kaskazini juu, haizunguki. Njia ya kila mtepe inachorwa kwa vituo, kituo kimoja siku moja, kwa hiyo siku za safari unazihesabu kwa macho. Bandari ni duara, chombo kilichojaa ni rangi nzito, kilicho tupu ni muhtasari tu. Fremu 60, simu ya baridi.

15 Julai

Maskani tena, walewale. Wote sita wamejua upi umejaa. Wanne wameupeleka mtepe Sofala kwa wakati, na mmoja, bila kuambiwa, amesimama Kilwa akasema ni heri angoje dhahabu pale ailetewe. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini hakuna aliyemwita mwenzake kuja kuona kitu. Wamecheza kama mtu anayejaza fomu vizuri. Nikimuuliza mmoja amekumbana na nini baharini, ananiambia, "Siku tisa." Hilo nalo ni kweli, na ni kasoro. Ndani ya gemu hii ya mabaharia sasa hakuna bahari.

Mdogo wangu amerudi kwenye kazi zake za kuchora mabango ya harusi. Hajakasirika, ila hafungui Blender.

2 Agosti

Jana nilikuwa Nungwi kwa mjomba wa mama yangu, ambaye sisi sote tunamwita Babu. Amekuwa baharini tangu kijana, kwanza baharia, halafu serahangi, mwisho nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Unguja, Pemba, Tanga na Lamu. Nilimkuta pwani, kivulini, anawaangalia mafundi wakipiga kalafati chombo kilichoinuliwa kwenye magogo.

Nilimwamkia, tukaulizana hali za nyumbani, nikampa simu. Nilimfungulia kwanza ile ya pande tatu, ya zamani, kwa heshima ya mtepe. Aliishika mbali na uso, akatazama kwa muda.

"Huu mtepe kauchora nani?"

"Mdogo wangu, Babu."

"Kauona wapi?"

"Kwenye picha tu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama. Kisha akauliza swali ambalo miezi miwili hii sikuwahi kujiuliza.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Nikamwambia, uko juu kidogo, Babu, unaangalia chombo chako.

"Nahodha hakai hewani, mwanangu. Nahodha yuko sitahani, au ana kijana yuko juu ya mlingoti. Hakuna pengine pa kukaa."

Nikamwomba anieleze, akanieleza kwa kuchora mchangani. Unapoingia mlango wenye miamba, aliye sitahani haoni kitu. Kwake maji yote ni rangi moja, yanang'aa tu. Ndiyo maana kijana hupandishwa juu ya mlingoti, na kazi yake ni kusema rangi. Buluu nzito, pita. Kijani, angalia. Meupe, ni fungu la mchanga. Meusi, hujui: huenda ni majani ya chini, huenda ni mwamba, na hapo ndipo unapotia bildi, ile risasi nzito ya kamba, upime kina ni pima ngapi, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na jua likiwa limeinama mbele yako, hata aliye juu haoni, unatia nanga ungoje. Usiku ni bildi peke yake.

Halafu akaja kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao ukiwa na shehena unaupita maji yakijaa tu. Na Pate mjini vivyo hivyo: maji yakipwa, chombo kinakaa mchangani. "Sasa wewe umejaza boriti," akasema, "unangoja bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, ili yapande zaidi. Sawa. Lakini ukikwama kilele cha bamvua, kesho yake maji hayafiki pale. Keshokutwa hayafiki kabisa. Unaingia kwenye maji mafu, yasiyopanda sana, na wewe uko juu ya fungu na chombo chako, unangoja bamvua jingine. Wiki mbili! Watu wanakula shehena."

Nilirudi mjini kwa daladala ya mwisho. Njia nzima nilikuwa naandika kwenye simu hadi chaji ikaisha.

Nilikuwa nimesahau kwamba bahari ina kina. Nilichora bahari ya pande tatu ambayo upande wake wa tatu ulikuwa pambo, mawimbi juu ya kioo. Kumbe upande wa tatu wa kweli uko chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndio unaoamua kama umefilisika au umefika. Na mtu haufikii kwa kuuona tu. Anaupanda mlingoti, anauuliza kwa bildi, anaungojea kwa kuhesabu mwezi.

3 Agosti

Tumekaa vikao viwili, mimi na mdogo wangu, asubuhi na baada ya magharibi. Uamuzi: ramani kuu inabaki bapa, haiguswi. Milango ya bandari ndiyo itakuwa ya pande tatu, na tunaanza na Mkanda peke yake. Kamera zitakuwa mbili tu, sitaha na mlingoti. Hakuna kamera ya hewani. Blender imefunguliwa.

10 Agosti

Sakafu ya bahari sasa ni gridi ya nukta 128 kwa 128, kila nukta ina kina chake. Uso wa maji ni bapa moja linalopanda na kushuka juu ya sakafu hiyo. Maji yanajaa mara mbili kwa siku, kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25, na juu ya mzunguko huo kuna ule wa bamvua na maji mafu, unaorudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Huku kwetu bamvua linapandisha na kushusha maji mita 3 na zaidi, na mtepe wetu uliojaa unahitaji pima moja na robo. Ukizidisha kasi ya saa unaona fungu likitokeza, likikauka, likizama tena. Tumeliangalia likizama labda mara thelathini.

Kazi iliyonichukua muda ni rangi. Mwanzo niliyapa maji rangi kwa kina chake basi, na ikawa ukiwa sitahani unaona kijani na meupe vilevile kama ukiwa juu, kinyume kabisa na alivyosema Babu. Sababu ni ya fizikia na ni rahisi. Maji ukiyatazama kutoka juu yanakupitisha, ukiyatazama kwa mlalo yanakurudishia mbingu. Kwa hiyo kwa kila pikseli ya maji sasa napima pembe kati ya jicho na uso wa maji. Pembe ikiwa kubwa, rangi ya chini inapita. Ikiwa ndogo, inafunikwa na rangi ya anga. Ni mistari minne ya msimbo.

Nilipoiwasha, sitaha iling'aa yote, nyeupe na buluu, hakuna kinachoonekana. Nikagonga mlingoti. Kamera ikapanda, mng'ao ukajifuta polepole kuanzia karibu na chombo kwenda mbali, na Mkanda wote ukafunguka chini yangu, njia ya buluu ikipinda kati ya mafungu. Mikono ilinitetemeka kidogo, nasema kweli.

Hiyo picha bapa isingeweza kunipa. Rangi za kina ningezichora kwenye ramani, ndiyo, na mchezaji angezisoma zote kwa pamoja, wakati wote, bila gharama. Lakini kutokuona ukiwa chini, na kuona kwa sababu umepanda, ni jambo la mahali ulipo, na mahali ulipo ndiyo pande tatu zenyewe.

13 Agosti

Jua limeongezwa. Likiwa mbele na chini, mlingoti nao unapofuka. Kupanda kunagharimu robo saa ya maji, kutia bildi dakika chache, na bildi inakupa namba tupu: pima 3, pima 2, pima moja na nusu. Fremu 41 kwenye simu ileile iliyochemka mwezi wa Juni, kwa sababu sasa inabeba mlango mmoja tu wa bahari, wala si bahari yote hadi Hormuz.

Umeme umekatika jioni. Nimepoteza kazi ya saa moja. Nitaiandika upya kesho.

24 Agosti

Maskani. Wa kwanza kucheza ni yule aliyenirudishia simu kwa adabu.

Ramani bapa aliipita haraka, anaijua. Alifika mlango wa Mkanda na shehena ya boriti, asubuhi na mapema, jua usoni. Akapanda mlingoti: mng'ao mtupu. Akashuka. Akatia bildi, pima 2. Akasogea. Pima moja na nusu. Wenzake wakaanza kumsogelea. Mmoja akamwambia atie nanga angoje jua lipande, mwingine akamwambia bamvua ni leo, maji yakianza kupwa ndiyo basi. Wakabishana kwa sauti juu ya mwezi, kweli, mwezi wa kwenye gemu, kama ni wa tarehe ngapi. Aliamua kupita. Kwenye kona ya mwisho mtepe ukalalia fungu, ukatulia.

Akatazama maji yakishuka ubavuni. Akazungusha siku ya pili, hayakufika. Siku ya tatu, hayakufika. Akaiweka simu juu ya paja.

"Kwani siwezi kutosa?" akauliza. "Nipunguze boriti, chombo kinyanyuke?"

Amri ya kutosa shehena haipo. Sikuwahi kuifikiria, na ni jambo ambalo nahodha yeyote angelifanya kabla ya jua kuzama. Nimemwambia wiki ijayo itakuwepo. Ameniuliza kama nitamhifadhia mchezo wake pale pale alipokwama, nikamwambia ndiyo.

Nimeanza kuiandika usiku huu. Kila mzigo una uzito, na uzito unakizamisha chombo kwa kiasi chake, kwa hiyo ukitosa, mtepe unapanda majini. Nilimwambia mdogo wangu kwamba tutahitaji kipimo cha rangi pembeni ya skrini, kumwonyesha mchezaji chombo kimezama kiasi gani. Akaniambia nisubiri.

Amerudi na ule mtepe wake wa kwanza, ameunyanyua polepole kutoka majini, na mistari ya mishono ya makumbi ikawa inatokeza mmoja baada ya mwingine kwenye ubavu. Uliojaa unaonyesha miwili. Ulio tupu unaonyesha mitano. "Si watahesabu tu, kaka," akasema. Kipimo cha rangi nimekifuta. Sasa anaichora upya mishono, minene zaidi, ili ionekane hata kwenye simu ndogo.